Kamati ya Bibi

Nashona nguo kwenye kibaraza cha duka la vitenge, karibu na soko, hapa Sumbawanga mjini. Kila asubuhi natoa cherehani dukani, naiweka mahali pake, na kabla ya lolote nafagia. Kuna mwaka nilianza kukuta kibaraza kimeshafagiwa, tena vizuri kuliko ninavyofagia mimi. Nikadhani mwenye duka amechoshwa na uvivu wangu.

Kumbe alikuwa bibi mmoja aliyekuwa akilala pale usiku. Mumewe alifariki kijijini, ndugu wa mume wakachukua nyumba, naye akapanda lori la mahindi mpaka mjini, asikomjua mtu. Kila siku aliamka kabla hatujafika, akakunja maboksi yake, akafagia, kisha akaenda sokoni kuchambua maharage ya watu. Nilimkuta siku niliyowahi kazini. Nilipomwamkia shikamoo, aliitikia, kisha akachuchumaa na kunipigia makofi taratibu, ile heshima ya Kifipa, na mimi ni sawa na mjukuu wake. Niliona haya, sikujua niangalie wapi.

Asiyeijua baridi ya Ufipa mwezi wa sita hudhani tunatia chumvi. Umande unaganda kwenye majani, na upepo unapita hata pasipo na upenyo. Bibi alikuwa ameshaanza kukohoa, kikohozi kile kinachotoka chini kabisa, na baridi yenyewe ilikuwa bado haijafika. Nilijua kwamba akiendelea kulala pale, iko asubuhi nitakayomkuta hakuamka.

Nikaanza kuomba michango ya kumpangia chumba. Nilizunguka kwa wateja wangu wote. Walinisikiliza kwa huruma, wakasema Mungu atamsaidia, wakauliza gauni litakuwa tayari lini. Wengine ni wale wale waliokuwa wametoka kuchangia harusi mbili kwa mpigo. Nilikasirika mpaka nikaharibu mkono wa koti la mtu.

Rafiki yangu mmoja, muuguzi aliyehamia hapa kutoka Mbeya, alinicheka. "Wewe unaomba kama mtu aliyepotelewa na nauli," akasema. "Watu hawa wanataka kamati. Tufanye kama harusi, uone."

Basi tukafanya kama harusi. Mwenye duka, mzee wa Kiislamu anayeheshimika mjini, akakubali kuwa mwenyekiti. Muuguzi akawa katibu, mimi mweka hazina. Tukachapisha kadi za mchango, tukafungua kundi la simu, tukaita vikao vya soda na karanga. Na watu wakaja! Waliotoa ahadi tuliwakumbusha kila Jumapili bila aibu, kama ilivyo desturi. Mama mmoja aliniuliza sare ni rangi gani. Nilimwambia hakuna sare, akaonekana kusikitika kidogo, lakini alitoa.

Kabla baridi haijakaza, bibi alikuwa na chumba mtaa wa Katandala. Kodi ya miezi sita tulikuwa tumelipa, na ndani mlikuwa na kitanda, godoro, mablanketi mazito na jiko la mkaa. Siku ya kumhamisha alishika ufunguo wa chumba kwa mikono miwili njia nzima. Nililia kwenye bajaji, na sijutii.

Sasa, harusi ikiisha, kamati huvunjwa. Kila mtu anajua hivyo. Kilichobaki kwenye mfuko kinaliwa, watu wanashukuriana, wanatawanyika. Nasi hatukufikiri mara mbili, tukanunua mbuzi. Bibi tulimkalisha mbele kama bibi harusi, akala vizuri, akaucheka utani wetu. Mwishoni mwenyekiti akasimama, akatushukuru, akatangaza kwamba kamati imevunjwa rasmi. Tukapiga makofi. Bibi akamwuliza muuguzi maana yake ni nini, naye akamjibu kwa furaha, "Kazi imekwisha, bibi. Kila mtu anarudi kwake."

Kesho yake asubuhi nilifika dukani nikakuta kibaraza kimefagiwa.

Bibi alikuwa amekaa pembeni, amejifunika blanketi letu jipya, ufagio miguuni.

"Bibi, umelala hapa?"

"Hapana, mwanangu. Nimelala kwangu. Nimekuja alfajiri."

"Kufanya nini na baridi hii?"

"Kushika nafasi yangu," akasema. Hakuwa na hasira hata kidogo. "Kamati mmevunja. Kodi ikiisha nitarudi hapa. Nisipoonekana, mwingine atapachukua."

Alikuwa amesema kweli tupu. Maharusi ukishawaozesha wanakwenda kujitegemea. Bibi wa watu angejitegemea kwa maharage gani? Watu wazima wote wale tumekaa vikao, na hakuna aliyeliona hilo isipokuwa yeye, katikati ya nyama na vigelegele.

Mwenye duka alipofika nikamweleza. Alisimama akiwa na funguo mkononi, hakufungua mlango. Kisha akatoa simu, akaandika kwenye kundi kwamba kamati haijavunjwa na haitavunjwa. Wengi walikuwa wameshaondoka kwenye kundi. Tuliobaki tulikuwa wachache, na ndio tunaolipa kodi ile mpaka leo.

Tulimweleza bibi, akashukuru kwa makofi yake. Na kesho yake akaja kufagia. Muuguzi alimwambia kifua chake hakitaki vumbi, akaitikia vizuri, akaja tena. Baridi ikapita, miezi sita ikaisha, tukalipa mingine mbele yake ili aone kwa macho. Akaja kufagia. Nilikuwa nikimkasirikia, kisha najikasirikia mwenyewe, kwa sababu nani alimfundisha kutoamini?

Halafu siku moja, mvua zimeshaanza, nilikuta kibaraza kichafu. Matope, maganda ya karanga, majani yaliyoletwa na upepo. Niliacha cherehani ndani, nikadaka bodaboda mpaka Katandala, nikimwomba Mungu kwa sauti nyuma ya dereva.

Mlango wake ulikuwa umefungwa kwa ndani. Niligonga kwa ngumi. Komeo likavutwa, na bibi akachungulia, kilemba kimekaa upande, alama za mto shavuni.

"Kuna nini, mwanangu?"

"Bibi, hukuja!"

Alitazama jua lilipofika, akaona haya kama msichana.

"Nililala," akasema.