Huyo Huwaga Haji

Mwalimu wa darasa la kwanza aliniambia mwanangu ni mzito wa kichwa. Hakuzunguka. Aliniambia mlangoni pa darasa, watoto wakisikia, na shule zilikuwa hazijamaliza wiki mbili tangu zifunguliwe. Nilikuwa nimetoka kukaanga samaki, nanuka mafuta mwili mzima, na tangu nipate ujumbe kwamba naitwa shuleni nilikuwa nimejiandaa kugombana.

"Namwita kila asubuhi kwa jina la kwenye daftari lake, ananitazama tu kama ukuta, namwandika hayupo," alisema. "Ama ni masikio, mama, ama ni kichwa. Jumatatu asipoitika namrudisha darasa la awali."

Awali! Mtoto aliyemaliza awali kwa bibi yake kule Butiama, anayehesabu mpaka mia na kurudi nyuma bila kuvuta pumzi! Januari hiyohiyo ndiyo nilikuwa nimemleta kwangu Makoko aanze shule. Nilikuwa nimemshonea sketi. Madaftari nimeyatia majalada ya gazeti, na juu ya kila moja nimeandika jina lake kwa mwandiko wangu wa sekondari.

"Masikio yake mazima," nikamwambia. "Labda wewe ndiyo huna sauti."

Watoto wakacheka. Mwalimu hakucheka. Aligeuka, akaita jina kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani. Mwanangu alikuwa dawati la pili, amebanwa katikati ya wenzake wanne. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akaangalia na huku mlangoni tulikosimama. Alikuwa anamtafuta aliyeitwa. Alipomkosa akasimama kwa adabu.

"Huyo huwaga haji, madam."

Hapo ndipo nilipoelewa.

Jina lile ni la mama mkwe wangu. Upande wa mume wangu mtoto wa kwanza wa kike anarithi jina la bibi mzaa baba, na mke halitaji jina la mkwe wake. Halitaji kwa hasira, halitaji kwa utani, halitaji hata mkwe akiwa mbali. Kwa hiyo mwanangu nilimwita Bibi tangu siku ya kwanza. Baba yake anamwita Mama, na bibi yake anamwita Mjukuu. Majirani wananiita Mama Bibi. Hata mwalimu wake wa awali, ambaye ni mke wa shemeji yangu, naye alikuwa anamwita Bibi mbele ya darasa zima, kwa sababu mkwe wetu ni mmoja. Jina nililiandika kwenye fomu na kwenye madaftari, maana mkono hauna mwiko. Mwiko uko mdomoni. Mtoto ana miaka sita na hakuna mtu aliyewahi kumwambia anaitwa nani.

"Basi muite wewe mama yake, tuone," mwalimu akasema.

"Siwezi."

"Huwezi nini?"

"Kumwita."

Akanitazama kuanzia ndala mpaka kilemba. Alikuwa mgeni, katokea mkoa mwingine, na mimi nilikuwa nimeshamtukana, sasa ningeanzia wapi kumweleza? Nikaondoka. Nikiwa karibu na geti nikasikia nyuma mtu anaita, "Mama Nanihii!" akitaja jina lilelile. Sikugeuka. Akaita tena. Nikaendelea na safari zangu. Mara mwalimu huyu hapa mbele yangu, anahema, amebeba ndoo yangu ya samaki niliyoisahau mlangoni.

"Kumbe ni ugonjwa wa ukoo," akasema.

Nilipokea ndoo na sikushukuru.

Ningeweza kumwomba jirani amwambie mtoto. Nililiwaza hilo. Lakini jina la mtu mzima huliazimi kwa jirani kama chumvi. Nikampigia mume wangu, ambaye ni fundi wa magari kule Bunda.

"Mwambie wewe," nikasema. "Ni mama yako."

"Si ndiyo maana siwezi? Nimtaje mama yangu kama mtoto mwenzangu?"

"Basi mwanao anarudi awali."

"Mpeleke kwa mwenyewe," akasema.

Jumamosi tukaenda Butiama. Tulimkuta mama mkwe uani akipeta ulezi. Nilipiga magoti nikamwamkia, nikaeleza yote nikitazama chini, nikisubiri kukemewa kwamba nimempeleka mtoto shule za mjini zikamharibu. Akacheka mpaka akaweka ungo chini. Halafu kicheko kikakatika ghafla.

"Kwa hiyo siku zote hizo mjukuu wangu anaandikwa hayupo?"

"Ndiyo, mama."

"Na amekaa palepale?"

"Amekaa palepale."

"Mkwe wangu, jina nilimpa mtoto avae. Wewe umelifungia kwenye sanduku."

"Ilikuwa heshima, mama."

"Heshima nimeiona, asante. Lakini mimi nina mdomo. Si ungeniambia nikamwambia mwenyewe?"

Hasira niliyokuwa nimembebea mwalimu ilinigeukia, na ilikuwa nzito kuliko ile ndoo.

Akamvuta mtoto katikati ya magoti yake, akalitaja jina mara tatu, polepole.

"Hilo ni lako, Bibi," mtoto akasema.

"Langu na lako. Shuleni likiitwa, ni wewe. Hapa likiitwa, ni mimi."

"Na nikiwa hapa likaitwa?"

"Itika wewe, ukaone wanataka nini. Mimi magoti yananiuma."

Jumatatu sikwenda kukaanga. Nilisimama nje ya dirisha la darasa, na mwalimu aliniona akajifanya hajaniona. Akafungua rejista. Majina ya mwanzo yakapita. Likafika letu, na mimi nikatazama ukuta, maana hata kulisikia mbele za watu nilikuwa naona aibu.

"Nipo, madam!"

Mwalimu akainua uso. "Kumbe upo?"

"Nilikuwa hapahapa."

Awali hakurudishwa. Wakati wa mapumziko niliingia kuomba zile alama za kutokuwepo zifutwe, mwalimu akasema rejista haifutwi. Tulibishana. Hazikufutwa, na sijamsamehe. Mtu aone mtoto amekaa dawatini kila siku haitiki, na asimuulize, "Wewe ni nani?" Na mimi niliyemzaa, hilo swali sikuwahi kumuuliza pia.

Jioni nikamwita, "Bibi, njoo ule."

"Niite la shule."

"Siwezi, mwanangu."

Akafikiri kidogo, akaniletea daftari na penseli. "Basi liandike."

Nikaliandika. Akalisoma mwenyewe, herufi moja moja, kwa sauti. Akaja akala.