Nyuki wa Kikundi cha Linux

Simba mwenda pole ndiye mla nyama, na Tumainieli Mmbaga alikuwa mpole kupita kiasi. Ndiyo maana siku alipoingia kwenye kibanda changu karibu na stendi ya Same, Aprili 2004, akiwa na daftari kubwa kwapani na bahasha ya CD mkononi, nilivuta mkoba wangu nikauweka miguuni kabla sijamkaribisha.

"Dada Veneranda, habari za kazi?"

"Nzuri. Sinunui."

"Wala siuzi," alisema. "Nagawa bure."

Hapo ndipo nilipozidi kumwogopa.

Msinione mbaya. Mimi ni mtu wa miaka ya foleni. Mwaka 1983 nilikuwa nasimama kwenye duka la kaya tangu alfajiri ili nipate kilo moja ya sukari, na orodha ya mgao ilikuwa imejaa watoto ambao hawajazaliwa, kwa sababu kila nyumba ilijiongezea vichwa. Baadaye tukaambiwa milango imefunguliwa, soko huria limekuja. Maduka yakajaa kweli, lakini shamba la mkonge nilikokuwa mpiga chapa likauzwa na sisi tukapunguzwa. Nikanunua kompyuta moja ya mtumba nikaanza kuchapa barua na maombi ya kazi ya watu. Kisha wakaja watu wa miradi na semina zao na fomu zao, tukajifunza somo jipya: fomu hujazwa kwa kile anachotaka kusikia mwenye fomu. Akija mwenye mradi wa vyoo, wewe sema tangu utoto wako unapenda vyoo.

Tumainieli nilikuwa namfahamu kwa sura. Alikuwa karani wa stesheni mpaka abiria walipoacha kupita kwa reli, naye akaachishwa. Tangu hapo aliishi kwa kulima na kuandikia watu mihtasari ya vikao. Na Kikundi cha Linux nilikuwa nimekisikia, nani hakukisikia? Kilianzishwa mwaka 2000 na mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka ng'ambo, katika chumba cha chuo kidogo cha ufundi. Linux, kama ilivyoelezwa, ni mfumo wa kuendeshea kompyuta ambao hauna mwenye kuuza. Ukiupata unaruhusiwa kuunakili, kumpa jirani, hata kuufungua uone ulivyoundwa. Watu thelathini walijiunga. Mwalimu alipoondoka, soda alizokuwa akigawa zikaondoka, na wanachama wakazifuata soda. Akabaki Tumainieli na ufunguo. Kila Jumamosi kwa miaka miwili alifungua chumba, akapangusa kompyuta sita, akakaa peke yake mpaka mchana, akafunga akaenda kwake.

Mtu anayefanya kazi miaka miwili bila malipo, wewe ungemfikiriaje? Mimi nilifikiri anang'oa vipuri.

"Mwalimu Priska amenipa mpaka Jumamosi ya mwisho ya Juni," aliniambia. Mwalimu Priska ndiye alikuwa mkuu wa chuo kile. "Nimpelekee watu kumi na wawili wenye sababu ya kukaa kwenye kile chumba. Nikishindwa, kompyuta zinarudishwa kwa wenyewe na chumba kinakuwa stoo ya mahindi. Nisaidie, dada."

"Na mimi nafaidika nini?"

"Ngoja nikwambie kwa nini kikundi kilikufa," alisema, akakaa bila kukaribishwa. "Kila mtu alikuja mikono mitupu ili afundishwe. Mimi nataka tufanye kama msaragambo."

Msaragambo ni kazi yetu Wapare. Pembe inapigwa, kila nyumba inatoa mtu, mfereji unasafishwa au barabara inachongwa, na asiyefika anatozwa faini.

"Umewahi kuona mtu anakwenda kwenye msaragambo bila jembe?" aliuliza. "Hapa jembe ni kile unachokipenda. Niandikie unapenda nini. Mimi nitatafuta kompyuta inakisaidiaje, halafu wewe utawaonyesha wenzako. Hivyo tu."

Akafungua daftari. Kwanza nilisoma ya wenzangu, maana sikuzaliwa jana. Mzee Abdulrahmani, muuza vipuri vya baiskeli, ameandika anapenda "watoto yatima". Amiri fundi redio, mwanamume ambaye mke wake hajawahi kumwona akishika ufagio, ameandika anapenda "masuala ya jinsia". Wengine wameandika mazingira, maji safi, ujasiriamali. Majina kumi kwa jumla. Nikaelewa mara moja kwamba wenzangu wamenusa mfadhili nyuma ya huyu bwana, hata kama yeye anamficha. Mwaka uliopita kina mama wa mlimani walikuwa wamegawiwa mizinga ya kisasa na mradi fulani. Nikachukua kalamu nikaandika: ufugaji wa nyuki.

Mimi nyuki nawaogopa kuliko polisi.

Tumainieli aliposoma uso wake uling'aa. "Nyuki! Hilo sikulitegemea kabisa." Akaniachia CD moja ya Linux akaenda zake, nami nikabaki nikijipongeza. Furaha ile niliisoma kwa njia moja tu, kwamba fungu la nyuki lipo. Ile CD niliitia kwenye droo, nisije nikaiwasha ikafuta kazi za wateja.

Wiki mbili baadaye jirani yangu wa shambani akaja kuniuliza kama nauza shamba.

"Nani amekwambia?"

"Kuna baba mmoja mpole, ana daftari. Ameuliza mpaka wako unaishia wapi, kuna maua gani, na mto uko umbali gani."

Maji yalinifika shingoni. Shamba lile la ekari moja, njia ya kwenda kijiji cha Kisiwani, ndicho kitu pekee nilichobaki nacho baada ya mkonge. Nikafunga kibanda saa nne asubuhi, nikaenda kwa Amiri. Nikamkuta na Mzee Abdulrahmani, na sura zao zilikuwa kama yangu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na wewe amekufuata?"

Kumbe kwa Mzee Abdulrahmani alikuwa ameuliza yatima wangapi wanakaa kwake, majina yao na shule wanazosoma. Mzee hakuwa na yatima hata mmoja. Na kwa Amiri alikuwa ameomba kuzungumza na mke wake peke yake.

"Peke yake!" Amiri alirudia, akipiga bisibisi mezani. "Anataka maoni yake! Mke wangu ana maoni gani ya kumpa mwanamume mwingine?"

"Ana orodha ya majina yetu, watoto wetu na mashamba yetu," nilisema. "Huyu anatuuza."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na sisi wote tulikuwa tumeumwa. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiri kwamba mtu anaweza kuuliza habari za yatima kwa sababu aliambiwa wapo. Tukakubaliana mambo mawili. Mimi niende kwa mwenyekiti wa mtaa kumshtaki, na Jumamosi ya mwisho ya Juni tuhudhurie wote, tumwumbue mbele ya Mwalimu Priska.

Mwenyekiti alimwita. Alimweka kwenye benchi nje ya ofisi tangu asubuhi mpaka jua likatua, watu wakipita wakimtazama, kisha akalipekua lile daftari na kumwachia kwa onyo. Mimi nilipita pale mara mbili kwa makusudi. Mara ya pili aliniona akanipungia mkono, akauliza kama kazi ni nyingi. Hakujua ni nani aliyemshtaki. Niliumia kidogo rohoni, lakini nikajiambia kwamba matapeli wote wana salamu nzuri.

Jumamosi ile chumba kilijaa. Kwa miaka miwili Tumainieli alikuwa ameomba watu waje akashindwa, na sasa hila yetu ilimletea watu kumi na mmoja kwa saa moja, hakuna aliyechelewa. Alisimama mlangoni akitushika mikono mmoja mmoja, machozi yakimlenga. Kwenye kona alikuwa amekaa mwanamume mmoja nisiyemjua, mwenye makoti mawili kama wanavyovaa watu wa Chome kunakokuwa na baridi, na mikono imejaa makovu madogo.

Mwalimu Priska aliingia, mwanamke mfupi asiyecheka, akachukua daftari.

"Majina nimeyaona mengi katika maisha yangu," alisema. "Nimesaini orodha za wanafunzi ambao hawakuwapo. Leo sihesabu majina. Nitasoma kila mtu anapenda nini, naye atasimama anieleze. Nikiona ni maneno ya semina, nafunga. Veneranda, nyuki."

Kabla sijasimama Tumainieli alishanifikia, akaniwekea mikononi kabrasha zito. Kurasa arobaini na kitu. Alikwenda Moshi mara tatu kuzitafuta kwenye mtandao, kisha usiku na mchana akazitafsiri kwa mkono, mwandiko wa karani wa stesheni, kila herufi imesimama wima. Kulikuwa na michoro ya mizinga, majina ya maua ya tambarare yetu, na jedwali la kompyuta la kuandikia mavuno.

"Na huyu ni kaka Erasmo, mfugaji wa Chome," alisema, akimwonyesha yule mgeni. "Nilipanda kumwomba mara mbili. Mara ya kwanza alinifukuza, alifikiri mimi ni wa kodi. Amekuchongea mzinga, dada. Jana tumeutundika shambani kwako. Ndiyo maana niliuliza habari za maua."

Mezani niliona makabrasha mengine, kila moja na jina. La Mzee Abdulrahmani lilikuwa nene kuliko langu.

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Ningeweza kudanganya. Kurasa zilikuwa mikononi mwangu, ningesoma mbili tatu kwa sauti, chumba kikapona. Mwalimu Priska alikuwa ananitazama, na yeye alikuwa mzoefu wa orodha kuliko mimi. Nikapiga moyo konde.

"Sipendi nyuki," nilisema. "Niliandika kwa sababu nilidhani kuna mizinga ya mradi. Na aliyemshtaki kwa mwenyekiti ni mimi. Nilidhani anauza shamba langu."

Mzee Abdulrahmani akasimama, kofia mkononi. "Yatima sina. Mungu anisamehe." Amiri akasema akitazama sakafu, "Na mimi hiyo jinsia sijui hata ni nini." Wakafuatana hivyo mmoja mmoja mpaka wa kumi na moja.

Mwalimu Priska akafunga daftari. "Kwa hiyo hapa hakuna hata mmoja."

Sikumtazama Tumainieli. Nilizitazama zile kurasa, nikaona mahali alipokosea neno akalifuta kwa wembe ili ukurasa usichafuke, na hasira ikanipanda, hasira ya kujichukia mwenyewe.

"Vitambaa," nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyotaka. "Vya kufuma, vya kochi. Nachora maua yake kwenye karatasi ya hesabu, kijumba kwa kijumba. Ninayo madaftari saba chini ya kitanda. Sijawahi kumwonyesha mtu, kwa sababu hakuna mradi wa vitambaa."

Mwalimu Priska alifungua tena daftari, akafuta nyuki, akaandika. "Anayefuata."

Mzee Abdulrahmani alisema anapenda kujua mwezi utaandama lini, na kwamba ana kumbukumbu zake za miaka thelathini. Amiri alisema anapenda kukamata stesheni za mbali kwenye redio na kuziandika. Mmoja alipenda mashairi ya gazetini, mwingine majina ya koo. Mwalimu Priska aliandika yote, hakutabasamu hata mara moja, kisha akahesabu.

"Kumi na mmoja."

"Na mimi," alisema Tumainieli.

"Wewe una ufunguo. Huhesabiwi."

Ndipo yule wa Chome akainuka kwenye kona. "Mimi sikuja kujiunga," alisema, "lakini kama mnauliza, mimi nyuki nawapenda."

Watu walicheka mpaka wakashika meza, na chumba kikapona namna hiyo. Tumainieli hakucheka. Alikuja akachukua kabrasha mikononi mwangu, taratibu, bila kunitazama, akampa Erasmo.

Kikundi kipo mpaka leo. Nachora vitambaa vyangu kwenye Linux, kijumba kwa kijumba, na Mzee Abdulrahmani aligombana na hesabu za kompyuta kuhusu mwezi mpaka Mungu alipomchukua. Nilimwomba Tumainieli msamaha mbele ya watu na nyumbani kwake, na alinisamehe kwa maneno mazuri, kama alivyo. Lakini yule Tumainieli aliyesoma neno moja kwenye daftari akaliamini, akapanda mlima mara mbili kwa ajili yake, hatukumwona tena. Huyu wa sasa, ukimwambia Jumamosi utakuja, anakutazama kwanza. Mwaka jana alikuja mwanachama mpya, Ummy, binti wa watu, akaandika kwamba anapenda nyota. Tumainieli aliweka kidole juu ya neno lile, akamwuliza kwa upole wake uleule, "Nani amekutuma?"

Wenzangu walicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu swali lile alijifunza kwangu.