Mvivu wa Kuandika Mstari Mmoja

Nilifika mlangoni mwa ukumbi wa chuo nikamkuta rafiki yangu wa kufa na kuzikana akinizika mzima mzima.

"Nimeijenga peke yangu," Gastón alikuwa anasema kwenye maikrofoni. Hata kope hazichezi.

Peke yako? Na mimi nilikuwa pambo?

Ngoja niwarudishe nyuma kidogo.

Hapa Córdoba, mimi na Gastón tulisoma kompyuta pamoja. Kibuyu kimoja cha yerba, chai yetu chungu ya majani, mrija mmoja. Kwetu ukirudisha kibuyu kimya, unajaziwa tena. Ukisema asante, basi, umejitoa.

Gastón hakuwahi kusema asante.

Ila uvivu, jamani! Ukigusa programu ya kikundi, unatakiwa uandike mstari mmoja wa kueleza umebadilisha nini. Yeye aliandika "nimerekebisha." Halafu "nimerekebisha tena." Halafu "sasa kweli."

"Hivi umegombana na maneno?" nikamuuliza.

"Eliseo mwanangu, hiyo ni kazi ngumu. Tengeneza kitu kiniandikie."

Nikatengeneza. Programu inasoma ulichobadilisha, inaandika mstari yenyewe. Mchango wa Gastón ulikuwa kuchagua rangi na kuleta mikate.

Ukawa mradi wetu wa mwisho. Bila huo, narudia mwaka.

Siku ya kuuonyesha, akanipigia asubuhi.

"Wamesogeza hadi mchana. Lala kaka, umechoka sana wewe."

Nikalala, mjinga mimi. Kilichoniokoa ni jirani, aliyefungulia muziki wake wa cuarteto hadi masufuria yangu yakaanza kucheza. Nikaona bora niende tu mapema.

Ndipo nikamkuta jukwaani.

Kabla sijafungua mdomo, Profesa Ludueña, mama asiyecheka hata ukimtekenya, akamwambia:

"Vizuri. Tuonyeshe mstari wa mwisho ulioandikwa na programu yako."

Gastón akabonyeza huku anatabasamu. Hakuwa ameusoma. Ameanza lini kusoma?

Ukutani yakatokea maandishi makubwa:

"Jina la Eliseo limefutwa kila mahali. Jina la Gastón limebaki peke yake. Hakuna kingine kilichobadilishwa."

Halafu sauti ya nyuma:

"Oya, inafanya kazi kweli hiyo!"

Watu wakaangua kicheko. Profesa hakucheka.

"Eliseo ni nani?"

Nikainua mkono. "Mimi hapa. Niliyefutwa."

Nilifaulu. Anayerudia mwaka ni yeye.

Mtasema nilifurahi. Wapi! Kufutwa jina ningemeza. Kilichonikwama kooni ni ile "lala kaka, umechoka." Niliipokea kama upendo.

Jioni alinifuata uani, kibuyu mkononi, chupa ya maji ya moto kwapani.

"Usinichukie, mwanangu. Ningekuambia tu."

"Lini? Ukishapata cheti?"

Akaninyooshea kibuyu. Nikavuta. Yerba chungu, bila sukari, vile vile anavyojua naipenda.

Nikamrudishia.

"Asante," nikasema.

Chupa ilikuwa imeshainama kunijazia tena. Ikabaki hivyo hivyo hewani.

Wadau, ukiamua kumfuta mwenzako, jikaze basi uandike mwenyewe ulichofanya. Na wewe unayeambiwa ulale, muulize kwanza anayekubembeleza anakwenda wapi.