Ubavu wa Mwisho

Ndizi zilizoiva zikapitiliza, zile zinazoanza kutoa maji na kuita nzi: hivyo ndivyo ilivyonukia ndege ya Bwana Sherali. Nikisema hivyo wajukuu zangu hunicheka, maana wao wanajua ndege hunuka mafuta. Mafuta yalikuwepo, sikatai. Lakini ile ilikuwa ndege ya mbao na kitambaa, na kitambaa chake kilipakwa dawa ya kukikaza mpaka ukikigonga kwa ukucha kinalia kama ngoma iliyoanikwa juani. Dawa hiyo ndiyo iliyonuka ndizi. Hadi leo nikipita sokoni Geita penye mikungu iliyoiva sana, huvuka nikapita upande wa pili. Ni woga wa mwaka mmoja tu, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, nilipokuwa na umri wa miaka kumi na nusura nimuue baba yangu.

Baba alikuwa fundi cherehani. Alitoka Tabora akaifuata dhahabu ya Geita kama watu wengine, ila yeye hakuja kuichimba, alikuja kuwavisha wanaoichimba. Cherehani yake ilikaa kwenye baraza la duka la Bwana Sherali, na kanzu zake zilivaliwa na watu wa heshima mpaka Shinyanga. Jambo moja lilimpa kiburi: mshono wake haukuwa na fundo. Alijua kuurudisha uzi ndani ya uzi hadi mwisho wake usionekane. “Geuza nguo,” aliwaambia wateja, “fundi anaonekana ndani.” Kwake fundo lilikuwa aibu, alama ya mtu aliyekosea akaficha. Mimi Zuhura ndiye niliyekuwa mtoto wake mkubwa, na alinishikisha sindano nikiwa na miaka mitano. Akikuta fundo katika pindo langu hakunipiga wala kugomba. Alilikata kwa wembe, akanirudishia nguo nianze upya, na hilo liliniuma kuliko fimbo.

Bwana Sherali, mwenye duka, alikuwa pia na kiwanda cha kuchambulia pamba nje ya mji, na nyuma ya kiwanda alifyekesha uwanja kwa ajili ya starehe yake mpya. Ndege aliinunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Ilikuwa na mabawa mawili kila upande, la juu na la chini, na viti viwili visivyo na paa, kimoja mbele ya kingine, rubani akikaa cha nyuma. Magurudumu makubwa yalikuwa mbele, na chini ya mkia kulikuwa na kigurudumu kidogo tu, kwa hiyo ikiwa ardhini ilikaa kama mbwa aliyekalia mkia, pua juu. Hapo ndipo penye shida yote ya hadithi hii. Aliyekaa ndani hakuona kilicho mbele yake. Aliona pua ya ndege na mbingu. Mwalimu wake, Mpolandi aliyetengeneza mitambo mgodini, tuliyemwita Bwana Yaneki, alimfundisha kuiendesha upande upande kama mlevi arudiye nyumbani, kushoto kidogo, kulia kidogo, ili achungulie pembeni. Bwana Sherali alikuwa mwanafunzi hodari angani, hivyo walivyosema. Ardhini haraka zake zilimshinda. Alinyoosha.

Siku moja alinyoosha akamgonga ng’ombe wa Mzee Masanja, mfugaji aliyekuwa jirani na kiwanda. Ng’ombe aliinuka akaondoka akichechemea, lakini bawa la chini la kushoto lilichanika kutoka ncha hadi katikati. Bwana Sherali alishuka akifoka kwamba ng’ombe wameingia uwanjani. Mzee Masanja alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akasema kwa Kiswahili chake chenye Kisukuma ndani, “Tajiri, ng’ombe wangu ana macho. Hicho kitu chako ndicho hakina.” Watu wa kiwandani waligeuka pembeni kuficha meno.

Bawa lilihitaji nguo mpya, na nguo ilihitaji fundi. Baba alikubali kabla hajaulizwa mara ya pili. Bwana Yaneki alilifungua bawa, akalivua kitambaa chote, nikaona mbavu za mbao nyembamba zimepangwa kama za samaki aliyeliwa. Kitambaa kipya kilipovishwa, bawa lilisimamishwa wima ndani ya ghala la pamba, baba akakaa upande mmoja na mimi upande wa pili. Sindano ilikuwa na urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole. Baba aliichomeka kwake, ikatokeza kwangu. Niliuzungusha uzi kwenye ubavu, nikafunga fundo, nikairudisha. Hatukuonana. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa kivuli chake kwenye kitambaa. Bwana Yaneki alisisitiza fundo kwa kila mshono, akipiga kidole kwenye mbao: “Moja nakatika, ingine nasimama. Bila fundo, moja nakatika, yote nakwenda.” Baba aliitikia kwa heshima, kisha mwalimu alipotoka nikamsikia akiguna ng’ambo ya kitambaa. “Kumbe ndege nayo ni wavu wa samaki tu, mafundo matupu,” alisema. Hata hivyo alinitaka nifunge, nami nikafunga, siku nne, mpaka ncha za vidole zikatoka malengelenge.

Siku ya tano ulibaki ubavu mmoja. Bwana Yaneki alikuwa amelala kwake na homa. Ulikuwa wakati wa baada ya mavuno, Wasukuma walikuwa wanashindana ngoma kwenye uwanja wa jirani, na rafiki zangu wote walikuwa wamekwenda tangu asubuhi. Ngoma zilifika hadi ghalani, zikapita katika kitambaa, zikanikaa magotini. Nikaacha kufunga. Nilipitisha uzi moja kwa moja, nikauvuta, nikaurudisha, kama pindo la gauni. Nilijiambia kwamba huu ndio mshono wa kweli, mshono wa baba, usio na aibu. Uongo mtupu, nilitaka kwenda ngomani. Baba akaniambia kutoka ng’ambo, kwa sauti ya furaha, “Leo vidole vyako vimeshika moto, mwanangu!” Tulimaliza mapema. Bwana Sherali hakusubiri mwalimu apone aje akague. Alibandika mwenyewe utepe juu ya mishono, akapaka dawa, na harufu ya ndizi ikafunika kila kitu.

Siku tatu nilikuwa na raha zangu. Asubuhi ya nne nilimkuta baba amevaa kanzu yake nyeupe ya Idi, na haikuwa Idi. Mama alimuuliza kulikoni, naye akacheka kama kijana. Akasema Bwana Yaneki ana desturi ya kwao: aliyeshona bawa ndiye anayepanda kwanza, apate kuiamini kazi yake. Alikuwa amelificha hilo siku zote asije mama akamkataza. Niliweka bakuli la uji chini. Nilijua palepale kwamba nilipaswa kusema, na maneno yalikuwa tayari mdomoni, lakini nilimwona anavyojitazama kwenye kipande cha kioo, nikakumbuka alivyonisifu ghalani, nikashindwa. Sikuogopa kupigwa. Niliogopa sura yake itakavyobadilika. Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako, na baba alikuwa anakwenda kupanda juu ya nguo niliyomshonea mimi.

Uwanjani walikuwa wamejaa wafanyakazi wa kiwanda, wachimbaji waliokuwa mapumzikoni, na akina mama wenye watoto mgongoni. Mtu mmoja aliuliza aliko Bwana Yaneki. “Ana homa,” alisema Bwana Sherali akivaa miwani yake mikubwa. “Ndege ni yangu, na nimekwisha ruka peke yangu mara tatu.” Peke yake ndiyo, maana mwalimu hakuwa amemruhusu kubeba mtu. Baba alipanda kiti cha mbele, akakunja kanzu chini ya mapaja, akatupungia mkono. Kijana mmoja akaizungusha panga boi ya puani kwa mikono, injini ikakohoa, ikashika, na vumbi likatupiga usoni. Ndege ikaanza kwenda kuelekea mwisho wa uwanja ambako ingegeukia kuruka. Ilinyooka. Haikwenda kushoto wala kulia.

Sikumbuki kuamua. Nakumbuka nyasi zilizofyekwa zikinichoma nyayo na gauni langu la manjano likinibana magotini. Nilikatiza uwanja mpaka mbele yake, nikasimama, nikainua mikono, nikapiga kelele, na sauti yangu hata mimi sikuisikia. Panga boi ilikuwa duara la ukungu linalonijia. Juu yake niliona pua, na nyuma ya pua sikuona mtu, ndipo nilipomkumbuka ng’ombe wa Mzee Masanja. Hawanioni, nikajua. Nikabaki nimesimama, nikipunga mikono. Kilichoniokoa ni kwamba baba hakuwa rubani. Hakujua kukaa kitako kwa adabu, alikuwa ameinama nje kabisa kutazama bawa lake. Kwa pembe ya jicho akaona kitambaa cha manjano alichokikata kwa mkono wake. Aligeuka akampiga Bwana Sherali begani kwa ngumi, akaonyesha. Ndege ikageuka ghafla, mkia ukazunguka ukitaka kuwa mbele, bawa likapita juu ya kichwa changu, na injini ikazimika.

Bwana Sherali alishuka akivua miwani. “Fundi, mtoto wako ana wazimu!” Baba alimpita. Alinijia, kanzu imejaa vumbi, nami nikasema yote kwa pumzi moja: ubavu wa mwisho, sikufunga, hakuna fundo hata moja. Nikaona ile sura niliyokuwa naiogopa. Akaomba kisu. Bwana Sherali alikataa, bawa lilikuwa jipya, watu wote walikuwa wanatazama. Baba akatoa wembe wake wa kazini mfukoni, akapiga magoti, akaukata utepe, akauchomoa uzi kwa ncha ya kidole, akavuta. Watu wa pamba wote wanajua gunia linavyofunguka ukishapata ncha ya uzi. Uzi wa ubavu ule ulitoka hivyo hivyo, wote, mpaka ukamlalia mapajani, na kitambaa kikaachana na mbao.

Hakuna aliyecheka. Baba alisimama na uzi ule mkononi, akasema kwa sauti ya kusikika na kila mtu, “Kosa si la mtoto. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mimi ndiye niliyemfundisha kwamba fundo ni aibu.” Nililia wakati huo, si kabla. Mtu aliyejengea jina lake kwenye mshono alikuwa amelivunja mwenyewe mbele ya wateja wake wote, ili langu libaki zima.

Tuliushona upya ubavu ule, baba upande wake na mimi upande wangu. Hakunikaripia. Ila kila nilipopokea sindano aliuliza ng’ambo ya kitambaa, “Umefunga?” Nami nikajibu, “Nimefunga, baba.” Fundo kwa fundo, hadi mwisho. Bwana Yaneki alipopona, amekonda kama ufito, alikagua kila kitu, akamvua Bwana Sherali miwani, akanivalisha mimi. Aliyeshona ndiye anayepanda. Mama alinifunga kanga yake kiunoni, na Bwana Yaneki akakaa kiti cha rubani. Huko juu kulikuwa na mashamba ya pamba, na nasikia ziwa lilionekana, lakini mimi sikuliona. Nilitazama ubavu mmoja tu muda wote. Tuliporudi nilimkuta baba amesimama palepale tulipomwacha. Alikuwa ameshika ile sindano ndefu, na ilikuwa imemwingia kiganjani bila yeye kujua. Damu ilikuwa imekauka kwenye kanzu.

Kiwanda kile sasa ni magofu, na uwanja umejengwa nyumba. Baba alikwisha fariki, Mungu amrehemu, na tangu mwaka ule kanzu zake zote zilikuwa na fundo ndani. Mwaka jana wajukuu walinipandisha ndege kutoka Mwanza kwenda Dar es Salaam, ndege ya chuma, yenye baridi, isiyonuka chochote. Wenzangu walilala. Mimi nilikaa dirishani nikitazama bawa, na vichwa vya misumari ya ribiti inayoshika mabati yake, vilivyopangwa mstari mmoja mmoja juu yake, kila kimoja kikijitegemea. Kuna mtu aliyevipiga, mahali nisipopajua, siku ambayo pengine naye alikuwa na ngoma yake ya kuikimbilia. Nikaweka kiganja kwenye kioo, nikamuuliza kwa sauti ya chini, “Umefunga?”