Kiroboto wa Ghorofa ya Juu

Wenzake walimbandika jina la Kiroboto tangu enzi zile akipiga pasi nguo za kupigiwa picha, kwa kuwa kitako chake na kiti havikuwahi kupatana. Jina lilimfuata alipoandika maelezo ya picha, likamfuata alipokuwa mhariri wa jarida la mitindo, na siku wakubwa walipomfanya mkurugenzi wa uchapishaji, likapanda naye ngazi. Alipewa ofisi yenye zulia na kazi ya vikao. Vikao! Mtu aliyezoea kutambaa sakafuni na pini mdomoni!

Jarida alimwachia msaidizi wake wa zamani, binti aliyemlea kikazi mwenyewe na kumpenda kama wa kumzaa. Aliapa mbele ya wote kwamba hatagusa ukurasa.

"Mama, tusidanganyane," binti alimwambia. "Ukigusa hata mara moja, mimi naondoka."

Lakini mazoea yana tabu. Jioni moja, kurasa zikiwa tayari kwa mchapaji, alishuka "kuchungulia tu". Binti alikuwa ameshaondoka. Mezani lilikuwepo jalada: msichana ndani ya koti jeusi, vifungo vikiwa kulia, upande wa kiume. Moyo ukampasuka. Picha imegeuzwa kama kwenye kioo! Watachekwa mji mzima! Akampigia mchapaji simu.

"Igeuze hiyo picha sasa hivi. Mimi ndiye ninayesema."

Akapanda juu akijipongeza.

Asubuhi binti aliingia na nakala mkononi, macho mekundu.

"Mama, habari yenyewe uliisoma?"

"Niliona vifungo, nikajua..."

"Ni mabinti waliovaa makoti ya baba zao waliofariki. Hilo la jalada ni la marehemu baba yangu."

Kiroboto alitamani ardhi immeze. Aliomba radhi, akaahidi kuchapa upya, hata kwa kukatwa mshahara.

"Jalada si kitu. Ungenipigia simu tu, mama."

Akaweka funguo mezani, akatoka.

Kiroboto alijua kwamba ilimpasa amkimbilie. Alikimbia kweli, akateremka ngazi mbili mbili, akafika ghorofa ya chini, akaona mgongo wa binti ukipotelea mlangoni. Hapo akakata kona, akaingia chumba cha wahariri. Alivuta kiti cha binti, akauliza kurasa za mwezi ujao ziko wapi. Machozi yalikuwa yakimtoka, na bado alikuwa na furaha, na ile furaha ndiyo iliyomtisha.