Mtega Kunguru wa Mlandege

Paa la Bi Shemsa limekuwa kimya, halitui kunguru hata mmoja, tangu jirani yake, mtega kunguru, ahame mtaa wa Mlandege. Mikono ya bwana yule ilijaa makovu ya midomo ya ndege, na kila alipofungua mtego alijitanda kanga usoni, kwa kuwa kunguru hasahau sura ya anayemuua. Asubuhi moja, ndege mmoja angali akipapatika mkononi mwake, bwana yule alimwamkia bibi kwa sauti yake ndogo.

“Shikamoo, Bi Shemsa.”

“Marahaba. Lakini weye bi harusi, mbona unaniamkia umejifunika?”

Akaona haya, akaifunua kanga. Juu ya mapaa kelele za kunguru zikakatika, vichwa vyote vikamgeukia. Tokea hapo kila alipotoka nje walimshukia kichwani. Sasa yuko Kidichi, nje ya mji, katika chumba ambacho dirisha lake limepigiliwa mbao.