Mayai ya Daktari wa Ng'ombe

Daktari wetu wa ng'ombe ana mikono mipana kama sahani, lakini tangu aingie kwenye mchujo wa chama kuwania kiti cha Kongresi, bunge la Marekani, yeye na wenzake kumi na watatu, mikono hiyo ilisahau uma. Kila kengele ya mlango wa mgahawa wangu ilipolia, aliinuka, akafuta kiganja kwenye suruali, akaenda kumsalimia aliyeingia. Mayai yakapoa. Nikimpashia, kengele inalia tena. Na ukimuuliza lolote, vita, mbolea, daraja la mtoni, jibu analo, kwa sauti laini aliyofundishwa na vijana wa kampeni. Sauti yake mwenyewe ni ya kumfokea fahali.

Jana kura zilihesabiwa, akawa wa kumi na moja. Leo asubuhi kengele ililia, akainuka kidogo, akakumbuka, akaketi. Aliyeingia ni Mzee Orville, mkulima ambaye mdomo wake hauna breki. "Shikamoo, mheshimiwa wa kumi na moja! Hebu tuambie, mahindi yatapanda bei lini?"

Daktari akatafuna, akameza.

"Sijui, mzee," akasema, kwa ile sauti ya zizini. Kisha akarudia taratibu, kama mtu anayevua kiatu kilichombana mwaka mzima: "Sijui kabisa!"

Akanisogezea sahani tupu. "Dada Loretta, niongezee. Kumbe mayai yako huwa ya moto!"